Sekretari na Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Mwaka aliozaliwa Sekretari siutaji, na ukoo wake siuelezi. Si kwamba sivijui. Kwetu Ijumbi hata mbuzi wa jirani tunamjua ukoo wake. Lakini mwenyewe alinikataza. "Siku ukija kuniandika," aliniambia, "usianze na alizaliwa. Kila mtu alizaliwa. Hiyo si habari." Jina lake nalo naliacha, maana sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Watoto wanamwita Sekretari, wazee wenzake wanamwita Sekretari, na mchungaji akimtaja kanisani anasema "mama yetu Sekretari," utafikiri ni cheo cha kiroho.

Cheo hicho alikipata Bukoba mjini, katika ofisi alikochapa barua za wakubwa mpaka wakubwa wakazeeka, wakaja wengine, akawachapia na hao. Alipostaafu alirudi Ijumbi kwenye kibanja cha marehemu mumewe. Alikuja na taipureta yake na viatu vyake vya ofisini, akaendelea kuishi kama mtu anayesubiriwa kazini. Asubuhi anapalilia chini ya migomba, anaoga, anavaa sketi na blauzi, anajipaka poda, kisha anaketi mezani. Hapo ndipo watu wanaanza kuja.

Wengi wanakuja kwa sababu ya misiba. Kwetu mtu hazikwi bila kusomewa wasifu, na wasifu ukisomwa kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono, waombolezaji wa mbali wanatazamana. Kwa hiyo wafiwa humpelekea Sekretari habari za marehemu, naye huchapa. Hadai chochote. Ukimletea mkungu wa ndizi ataupokea kwa mikono miwili na kuulalamikia udogo wake.

Lakini watu wanamwogopa, kwa kuwa ana sheria moja tu: wasifu hausemi uongo. Nimewahi kuketi pale nikaona. Wafiwa wanasema, "Andika, marehemu alikuwa mcheshi." Sekretari anainua vidole.

"Nani alicheka?"

Wanatazamana. Mmoja anasema, "Basi andika alikuwa mpole."

"Mpole? Huyu aliyemkatia shemeji yake baiskeli kwa shoka?"

Wanashindana pale mpaka wanakubaliana kwamba marehemu alikuwa mtu wa msimamo. Wakati mwingine ilikuja familia iliyotaka iandikwe kwamba baba yao alisoma Ulaya. Kusoma alikuwa amesoma kweli, kozi ya ufugaji wa nyuki, Arusha. Binti mkubwa alimbembeleza karibu na machozi: "Mwekee tu, waitu, mama yetu. Ni uongo mmoja mdogo, na tulimpenda." Sekretari akasema pole, akachapa Arusha. Mimi niliwaonea huruma. Mimi ningechapa Ulaya, na ningewachagulia na nchi.

Sasa usidhani ni mtu asiyejua kudanganya. Kila akipanda bodaboda anamwambia dereva kwamba ametoka kufanyiwa upasuaji wa mguu juzi, ili aendeshe polepole. Mguu huo umepasuliwa juzi tangu nimfahamu. Nilipomuuliza, alinijibu bila hata kunitazama: "Ule si wasifu, ni usafiri." Kanisani anaimba sauti ya kwanza kwa nguvu kuliko wenzake wote, na hayuko kwenye ufunguo. Daktari alimkataza sukari kwa ajili ya presha na moyo, akatii kabisa kwenye chai ya nyumbani kwake. Kwetu anakunywa vijiko vitatu, anasema chai ya mwenyeji hairekebishwi.

Nami ni nani? Mimi ni jirani yake, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Zamani kidogo nilihudhuria semina ya kompyuta mjini Muleba, nikarudi na cheti chenye utepe, nikakitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa. Sisi Wahaya tunasemwa nchi nzima kwa majivuno, na mimi sijawahi kuwaangusha ndugu zangu. Nilianza kusema "kwa kitaalamu" hata nikieleza jinsi ya kumenya ndizi. Kwa hiyo binti yake Sekretari, anayeishi Dar es Salaam, alipokuja Krismasi na kompyuta, kwa sababu utepe wa wino wa taipureta haupatikani tena, alinikabidhi mama yake mbele ya watu. "Likitokea tatizo, Mwalimu yupo," alisema. Nilikubali kwa kichwa, kama daktari.

Ni kompyuta mpakato, kama wanavyoiita kwenye taarifa ya habari, ingawa Sekretari hajawahi kuipakata. Kwake kila kitu kina mahali pake na kila kitu kina nguo. Wanaomfahamu wanajua sebule yake: redio ina kitambaa cha kufuma, chupa ya chai ina kitambaa, viti vina vitambaa vya mgongo na vya mikono, hata taipureta iliyostaafu imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Vyote alivifuma mwenyewe alipokuwa bibi arusi. "Chombo hakikai uchi mbele ya wageni," ndivyo anavyosema. Kompyuta ilipofika aliifumia cha kwake, cha manjano na kijani, kinene kwa heshima ya mgeni kutoka Dar. Akaiweka juu ya mto mdogo, akatandika kitambaa juu ya mto, na cha pili akakining'iniza nyuma ya kioo kikaanguka mpaka mezani, mfano wa shali.

Alivyoitumia ilikuwa burudani. Aliipiga herufi kwa nguvu za taipureta, mpaka vikombe vikatikisika. Akifika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto ulipaa wenyewe kwenda kusukuma wenzo wa taipureta ambao haupo. Kwa namna hiyo alisukuma chai yangu mara kadhaa. Kibaya zaidi, hakuhifadhi anachoandika. Nilimwelekeza, akanitazama kwa mashaka. Maisha yake yote, alichokichapa kilikuwa kwenye karatasi papo hapo, unaweza kukishika. Kumwambia neno ambalo amelipiga na kuliona kwa macho yake bado halijawekwa mahali, kwake ilikuwa kama kumtusi.

Baada ya msimu mmoja wa senene, wale panzi tunaowakaanga, feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma. Kwanza ilivuma kwa adabu, kisha ikavuma kwa hasira, mpaka siku moja mama mmoja wa mtaa wa pili akasimama mlangoni na debe la mahindi, akauliza kama Sekretari siku hizi anasaga. Halafu ikaanza kuzima. Ukiigusa chini ilikuwa ya moto kama sufuria. Inaunguruma, inapata joto, inazima puu, na kila kilichochapwa kinapotea.

Niliitwa. Nilikuja na miwani ambayo siihitaji.

Siku ya kwanza nilitamka kwamba ni virusi. Nilifuta vitu vingi, pamoja na picha za ubatizo wa mjukuu wake, ambazo kwa bahati njema binti yake alikuwa nazo. Siku nyingine nikasema imejaa, nikafuta tena. Nikasema ni umeme wa hapa kwetu unaokuja na kuondoka. Nikasema ni hali ya hewa, nikaeleza kwa kirefu juu ya unyevu wa ziwa, kwa kuwa hapo angalau nilikuwa kwenye somo langu. Nilileta pampu ya baiskeli nikapuliza kwenye matundu, vumbi likaniingia mimi puani. Na kila nilipomaliza, nilifanya jambo moja ambalo nikilikumbuka nataka kujificha: niliinua mto, nikaunyoosha, nikatandika kitambaa vizuri, nikairudisha kompyuta juu yake, na shali nikaivuta nyuma mpaka ikaanguka sawasawa. Nimelelewa vizuri. Mtoto aliyelelewa Buhaya hawezi kuacha kitambaa cha mama wa watu kimekunjamana.

"Sasa imepona?" anauliza.

"Kwa kitaalamu, Mama, tuipe muda."

Ningeendelea kujifurahisha hivyo kama nisingejua alichokuwa anakichapa. Mwanzoni nilidhani ni misiba ya watu. Siku moja nilimkuta ameweka mikono mapajani, kioo ni cheusi mbele yake, na poda imeingia michirizi. Sikuwahi kumwona hivyo. Nikauliza nani amefariki.

"Mimi," alisema. "Naandika wa kwangu."

Akanieleza. Mumewe alipofariki, yeye alikuwa ndani na wafiwa, hakuruhusiwa kushika mashine. Shemeji zake waliandika wasifu. Ulieleza alizaliwa wapi, akasoma wapi, akashika nafasi gani, na mwisho kabisa: ameacha mjane na mtoto mmoja. Mwanamke aliyechapa wasifu wa watu wa kata nzima aliingia kwenye wa mumewe kama mjane tu, bila kitendo hata kimoja. Sasa moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, daktari wa Bukoba alikuwa amemwambia mambo kwa sauti ya chini, na shemeji mkubwa bado yuko hai na bado ana kalamu.

"Nisipoumaliza mwenyewe, mwana wange, wataumaliza wao. Na wewe hii mashine imekushinda."

Aliniita mwana wange, yaani mwanangu, pale tu alipokasirika. Nilitamani cheti changu kianguke kutoka ukutani.

Tangu hapo nilikuwa napita kila nikitoka shuleni. "Umefika wapi, Mama?"

"Nilifika kwa shemeji, ikazima."

Kesho yake: "Umefika wapi?"

"Kwa shemeji. Ikazima."

Ilikuwa hivyo kila mara, kwa kuwa habari za ofisini zilichukua muda, kisha harusi, na hadi afike pale shemeji alipotaka kumnyang'anya kibanja baada ya msiba, kompyuta ilikuwa imeshachemka. Shemeji alikuwa na kurasa zake. Alikuwa na alichosema kwenye kikao cha ukoo, alikuwa na miti ya kahawa aliyoing'oa usiku, alikuwa na majina. Sekretari alianza upya mara nyingi sana, na kila akianza alifupisha ili amuwahi. Akapunguza ofisi. Akapunguza harusi. Shemeji naye, kwa kurudiwarudiwa, akaanza kusinyaa: kikao kikaondoka, majina yakaondoka. Sikuelewa kilichokuwa kinatokea. Nilijua tu kwamba mama huyu anakimbizana na kifo, na mimi nimemletea pampu ya baiskeli.

Ufumbuzi ulinijia jikoni kwake, na hata huo siwezi kujisifu nao. Alikuwa anapika ebitoke na maharage. Ndizi zilipokaribia kuiva alichukua majani ya mgomba, akayakunja juu ya sufuria, akayabana pembeni yote kwa vidole.

"Unafunika sana hivyo kwa nini, Mama?" Niliuliza tu ili kuwe na mazungumzo.

"Joto lisitoke," alisema. "Mkeo hajakufundisha?"

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Kupitia mlango niliiona kompyuta mezani, imekaa juu ya mto wake, imevaa kitambaa chake kinene, mgongo umefunikwa shali, inaunguruma kuomba hewa. Mwaka mzima nilikuwa nimeibana majani ya mgomba kwa mikono yangu mwenyewe, na kuinyooshea pembe.

Sasa ilibaki kumwambia. Kumwambia mzee akivue nguo chombo chake, nguo aliyoifuma yeye, si jambo la kukurupuka. Nilizunguka. Nikasifu ufumaji. Nikauliza habari za binti. Mwisho nikasema, "Mama, naomba tuivue."

"Mbele ya wageni?"

"Mgeni ni mimi peke yangu."

Alifikiri, akainuka, akafunga mlango wa mbele. Kisha akaondoa shali, akaondoa kitambaa, akatoa mto, akavikunja kimoja kimoja. Tukaiweka kompyuta juu ya vipande viwili vya mbao, hewa ipite chini. Kelele ikapungua, ila haikwisha. Nilipaswa kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimepata ushindi wangu wa kwanza, na ushindi ulinipanda kichwani. Nikachukua bisibisi ndogo ya cherehani, nikafungua skrubu za chini.

Ndani nilikuta feni imevaa pia. Nyuzinyuzi za manjano na kijani zilikuwa zimejizungusha mpaka katikati, na kwenye matundu kulikuwa na vipande vya nyasi, zile anazotandika sebuleni kila Krismasi, pamoja na bawa la senene. Nilivitoa kwa kibanio cha nyusi, nikimwonyesha kimoja kimoja. Aliangalia lile bawa, akaishangaa kompyuta kwa Kihaya, "Mawe! Hata huyu hukumkaanga?" Nikafunga. Skrubu moja ilibaki mezani, nikaificha chini ya kiganja. Nikawasha. Haikuwaka.

Basi niliipeleka Bukoba, nimeikumbatia garini njia nzima. Fundi aliifungua, akatazama, akauliza, "Nani aliyeigusa hii?"

"Kuna mtu kule kijijini," nikasema. "Anajidai anajua."

Alicheka sana. Huyo mtu alikuwa amekata waya mwembamba wa feni na kuchomoa mwingine wakati wa kufunga. Fundi aliweka feni nyingine, akafuta uchafu uliobaki, akapaka ile krimu ya kupozea katikati, akaniagiza nimwambie huyo mtu aache. Niliporudi nilimweleza Sekretari yote, kwa sababu mbele yake uongo hauniendei vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wakola waitu," yaani asante. Sikujua ananishukuru kwa lipi.

Mara ya mwisho nilipomwona mezani ni juzijuzi tu. Siku hizi analala sana mchana, na binti yake amekuja kukaa naye. Alimtuma aniite. Nilimkuta amevaa blauzi na amepaka poda, lakini miguuni ana kandambili. Viatu vya ofisini vilikuwa chini ya kiti, miguu imevimba haviingii tena. Kompyuta ilikuwa wazi juu ya mbao zake, uchi, na mlango wa mbele haukufungwa.

"Nimemaliza," alisema. "Soma kwa sauti. Nataka kusikia kama kuna kosa."

"Mama, hii ni ya…"

"Ni ya siku hiyo, najua. Siku hiyo sitasikia. Soma."

Ilikuwa chini ya ukurasa mmoja. Nikasoma. "Marehemu alikuwa sekretari. Ofisini alichapa alichoambiwa, nyumbani alichapa kilicho kweli. Alimpenda mumewe, hakumwambia vya kutosha, akidhani anajua. Alimlea binti mmoja, na migomba ambayo haikumwaibisha. Alifuma vitambaa vyote vilivyomo ndani ya nyumba hii."

"Shemeji yuko wapi?" nikauliza.

"Alizima na ile mashine," alisema. "Nilipokuja kuanza tena, mashine ikiwa nzima, nina muda wa kumwandika mpaka nichoke, nikaona sina la kusema juu yake. Endelea."

Mstari uliobaki ulikuwa mmoja. "Kompyuta yake ilipoharibika ilitengenezwa na jirani yake, Mwalimu, ambaye ni fundi hodari."

Nilirudia kuusoma kimyakimya. "Mama," nikasema, "hapa pana kosa. Mimi si fundi. Ilitengenezwa Bukoba. Mimi ndiye niliyekata waya."

"Najua."

"Basi si kweli."

"Najua, mwana wange," alisema, na mara hii hakuwa amekasirika. "Miaka yote wamekuja hapa kuniomba uongo mmoja mdogo kwa ajili ya mtu waliyempenda. Nikawanyima wote. Huu ni wangu. Usiuguse."

Niliinama nikajifanya nachunguza matundu ya kutolea joto, kama fundi. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nataka feni ingurume kidogo tu, kama zamani, asinisikie. Ilikuwa kimya kabisa.